Kasuku Kipofu Aliyempenda Wifi Yangu

Kasuku wangu haoni hata jua. Lakini wifi yangu akivuka kizingiti tu, anapiga mluzi mpaka jirani wanasikia.

Mimi niliyemlea? Ananing'ata.

Nilimchukua Pista kwa Apa Tasneem, mama mmoja hapa Lahore anayeokoa kasuku waliotupwa. Kipofu, bawa moja limekatika. Miezi minne nilimlisha kwa kijiko na kumtia dawa.

Sharti la Apa lilikuwa moja.

"Rubab, ini lake limechoka. Nikisikia umempa churi, namchukua siku hiyohiyo."

Nikaapa.

Halafu kaka yangu akaoa. Shumaila akaja na bangili za harusi mpaka kwenye kiwiko. Pista akazisikia zikilia. Kwisha habari yangu.

"Wifi, ndege wako kanipenda bure!" alicheka, Pista kajibanza shingoni kwake.

"Mzoee tu," nikasema. Moyoni nilitamani bangili zote zipasuke.

Mimi sina mdomo wa kugombana. Nikaingia jikoni.

Churi ni chapati ya moto iliyofikichwa kwa samli na sukari. Huku kwetu, kasuku asiyelishwa churi huhesabiwa hajapendwa. Bibi zetu wote wamelisha. Nikampa kidogo, kidoleni.

Alikula. Akaniegemea shavuni.

Jamani, nililia.

Kesho yake nikampa tena. Wiki tatu nzima, kwa siri. Shumaila akimwita, Pista kimya, ananisubiri mimi. Nilijiona malkia.

Asubuhi moja akaanguka kutoka kwenye kijiti chake, anatapika.

Apa alifika na daktari wa ndege. Daktari akampapasa tumbo.

"Ini limevimba. Nani anampa samli huyu?"

Mama yangu akanitazama. Nikageukia tundu.

"Ni mimi," akasema Shumaila. "Nisameheni, sikujua."

Mama akamwakia: "Kwenu hamfundishwi kuuliza? Umekuja kutuulia viumbe?"

Shumaila akainamisha kichwa, akatoka. Nikamfuata uani.

"Wifi, kwa nini umesema vile?"

"Nilikuona jana jikoni. Ningekutaja, Apa angemchukua." Akafuta macho kwa shela. "Tangu niolewe hapa hujawahi kuniambia hata njoo tunywe chai. Nikasema, labda nikikulindia ndege wako, nawe utanipenda kidogo."



Kumbe mwenye njaa ya kupendwa ndani ya nyumba ile sikuwa mimi peke yangu.

Nikarudi ndani, nikasema yote mbele ya mama. Apa hakunigombeza. Alifunika tundu kwa kitambaa, akalibeba.

Pista amepona, yuko kwa Apa. Ijumaa mimi na wifi tunakwenda kumwona. Amerudi kumtaka yeye kwanza, na roho bado inaniuma, siwafichi.

Ila dada zangu, nisikilizeni: ukimlisha kiumbe ili akupende wewe tu, unayemnenepesha ni wivu wako. Yeye unamuua.