Chupa ya Mzee Faki

Naikumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi aliyoingia Mzee Faki wa kijiji cha Vitongoji katika chumba chetu cha maabara, uso umevimba na miguu imejaa hata viatu havimwingii. Ilikuwa miaka michache kabla ya Mapinduzi. Mimi nilikuwa kijana, msaidizi wa maabara katika hospitali ndogo, na nilijiona najua mambo.

Daktari alitaka kujua figo za mzee zinafanya kazi kiasi gani. Kwa hilo hupimwa mkojo wote wa mchana na usiku, usipotee hata tone. Nikampa chupa kubwa, nikamwambia aanze kesho asubuhi, aniletee keshokutwa.

Akaigeuza chupa mkononi. "Wote mwautakiani?"

"Ni amri ya daktari," nikajibu, nikaita mgonjwa mwingine.

Siku zile, na hata leo wapo, watu wa kwetu waliogopa kufungwa mkojo: adui aupate mkojo wako, aufanyie mambo yake, usikojoe tena mpaka ufe. Na Mzee Faki alikuwa na ugomvi na baba yangu juu ya mpaka wa shamba la mikarafuu. Ugomvi huo niliujua. Sikuufikiria.

Akarudi na chupa, mkojo haukufika hata robo. Nikashuku palepale kuwa kamwaga. Nikamuuliza kwa ukali; akaapa kuwa ndio wote. Mimi nikamwona mwongo, naye akaniona mchawi. Hata hivyo nikakiandika kipimo kile kama kilivyo, nikampelekea daktari, wala sikumwambia kuwa nina shaka. Daktari akaona figo zinakaribia kusimama. Akamkataza mzee maji, ila vikombe viwili kwa siku, akaanza kumtafutia nafasi katika hospitali kubwa ya Unguja.

Siku ya tatu mkewe, Bi Mize, akaja kusema mumewe midomo imepasuka na anazungumza ovyo. Hapo nikaogopa, nikamweleza mkubwa wangu, Bwana Salim. Hakunigombeza. Tulipanda baiskeli mpaka Vitongoji, akakaa kando ya kitanda, akamuuliza mzee taratibu chupa ile ilikuwaje.

"Nlitia kidogo, mwingine nkamwaga baharini," mzee akasema, akinielekezea kidole. "Baba yake kasogeza mpaka. Sasa mwana ataka na mkojo. Kesho atataka roho."

Bi Mize akaficha kicheko kwa kanga. Mimi nilitazama chini.

Bwana Salim akanirudisha mbio kwa daktari nikaseme mwenyewe kosa langu, nami nikarejea na ruhusa ya maji. Mzee alipopata nguvu, Bwana Salim akamfundisha upya. Ukiamka kwa sala ya alfajiri, kojoa, umwage, kwani huo ni wa jana. Tangu hapo kila tone liingie chupani. Hata ukienda haja kubwa, tangulia kukojoa chupani. Alfajiri ya pili, wakati uleule, tia na wa alfajiri hiyo, ndio wa mwisho. Chupa ikae nje kivulini, mbali na unaposwali.

"Na ukiileta," akamalizia, "utakaa utazame tukipima, kisha utamwaga kwa mkono wako."

Mzee akaja, akakaa, hakuniondolea macho. Safari hii mkojo ulipita nusu ya chupa, ikaonekana figo bado zinafanya kazi. Akaibeba mwenyewe mpaka chooni, akamwaga, akaisuuza mara tatu. Safari ya Unguja ikafutwa, akatibiwa papa hapa, akapona. Mimi hakuniamini mpaka mwisho wake.

Basi, mwanangu, ukitaka mtu akupe kitu cha mwili wake, mweleze ni cha nini, kitapimwaje na kitamwagwa wapi, kabla hajauliza. Akiuliza, usijikinge kwa jina la mkubwa wako. Na ukikishuku kipimo, usikiandike ukanyamaza. Mzee Faki alikuwa na haki ya kunishuku. Mimi sikuwa na haki ya kunyamaza. Mola akupe subira ya kueleza mara ya pili na ya tatu, na akulinde usije ukamkausha mtu midomo kwa uvivu wa ulimi wako.