Jina Moja Katika Orodha

Mimi ni mdaku, na sioni haya kulisema. Kazi yangu ya kwanza, pale Ukunda mwishoni mwa miaka ya tisini, ilikuwa kuwapigia watu taipu kwenye kompyuta ya tajiri wangu, na kwa mdaku hiyo si kazi, ni karamu. Nilijua nani anaomba uhamisho, nani kamwandikia mchumba wa Ulaya aliyekutana naye Diani, na nani hakujibiwa.

Kompyuta nayo ilikuwa mdaku mwenzangu. Ukibonyeza kona ya chini ya kioo ilikufungulia orodha ya mafaili kumi na tano yaliyofunguliwa mwisho. Tajiri, mtu wa bara aliyekuwa na shamba lake Matuga, aliagiza kila faili lipewe jina la mteja, na kila jioni aliipitia orodha ajue nimeshinda nikifanya nini. Kuifuta yote ilikuwa marufuku.

Alhamisi moja alikuja mama mmoja, fundi wa kushona nguo. Tulipomaliza kuamkiana alivuta kiti karibu, akanisomea polepole barua ya kwenda kwa Kadhi: alikuwa anaomba kuachana na mumewe. Huyo mume nilimjua. Alikuwa mwalimu, na kila Ijumaa alikuja kuchapisha mitihani, akashika kipanya mwenyewe na kuitafuta kazi yake katika orodha ileile. Nyumbani alikuwa akisimulia jinsi mashine ile isivyosahau. Mama alihofia kwamba mumewe akijua kabla ya kuitwa na Kadhi, atawapeleka watoto kwa ndugu zake Samburu, na kuwarudisha itakuwa kazi.

"Mwanangu," akasema, "hii yangu haiwezi kusitiriwa, zikabaki za wenzangu?"

Nikamwambia hilo ni jepesi. Nilimtolea nakala, nikalifuta faili mbele yake, akashukuru, akaenda zake. Kisha nikafungua orodha, na jina lake lilikuwa pale pale, la kwanza kabisa. Barua haipo, jina lipo. Niliogopa, lakini, Mungu anisamehe, hamu ya kujua ilizidi woga. Mashine inakikumbuka wapi kitu ambacho haina tena?

Chakula cha mchana nilikisahau. Nilifungua folda moja baada ya nyingine, nyingine sikuzielewa hata kidogo, mpaka alasiri nikaifikia moja iliyokuwa na vijifaili kumi na vitano. Kila kimoja kilikuwa jina tu, ndani hamna barua, kama vibandiko vilivyobaki baada ya chupa kutupwa. Nikakiondoa cha yule mama peke yake. Nikarudi kwenye orodha: majina kumi na manne, wengine wote wametulia mahali pao. Niliifunga na kuifungua mara tatu, kwa raha tu.

Jioni tajiri aliipitia, asigundue kitu. Kesho yake mwalimu alikuja, akaketi, akafungua orodha na kuisoma yote kutoka juu mpaka chini, jina kwa jina, bila haraka. Nilijifanya natafuta karatasi. Mwishowe akaufungua mtihani wake wa jiografia, akaanza kunilaumu kwa makosa ya ramani, na sijapata kulaumiwa nikafurahi kiasi kile.

Wiki ya pili mama alirudi. Mwito wa Kadhi ulikuwa umefika na watoto walikuwa nyumbani. Nikamweleza kwa majigambo jinsi nilivyoisaka ile folda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole:

"Mashine imesahau. Na wewe je?"

Aliijua sifa yangu, mtaa mzima uliijua, na bado alikuwa ameniletea barua yake. Niliona aibu, nikamwahidi. Miaka imepita, mengi ya watu wengine nimeyasimulia, lakini jina lake hata mama yangu mzazi hajalisikia kwangu.