Ng'ombe wa Mahari Yangu

Benki walininyima mkopo kwa sababu kiwanja kilikuwa hakijapimwa. Wakati huo nilikuwa nimeshalipa nusu ya bei ya pagale moja kule Igoma, nyumba ya kuta tupu isiyo na paa, akiba yangu yote ya kuuza vitenge Mkuyuni. Mwenye nyumba alinipa mwezi mmoja nimalizie, la sivyo angemuuzia mwingine. Nilijiambia ni jambo jepesi: niezeke, nipige plasta, niuze kwa faida.

Nikaenda kijijini kwa mama. Baba alishafariki. Ng'ombe sita waliobaki zizini walitokana na mahari yangu, na mdogo wangu wa kiume aliwatunza ili aje kuoa nao. Nilipiga magoti, nikamwamkia mama, nikaeleza shida yangu. Mama alimtazama mdogo wangu.

"Watarudi lini, dada?" akaniuliza.

"Kabla ya mavuno."

"Basi wachukue."

Afadhali angegoma.

Niliwauza, nikamalizia bei ya pagale, nikaezeka. Mvua zilipokuja, ukuta wa nyuma ukapasuka kuanzia dirishani hadi chini, na fundi akasema dawa yake ni kuubomoa tu. Nikauza vitenge vyote kwa bei ya hasara ili nijenge upya. Plasta ikaishia sebuleni. Wateja walikuja, wakagonga kuta kwa vidole, wakaulizia hati, wakaenda zao. Mavuno yakapita. Mdogo wangu alikuwa akinipigia kila Jumapili. Mwisho nikawa naiacha simu iite, nimekaa juu ya mfuko wa saruji katika chumba kisicho na mlango.

Siku moja akapiga mama. "Yule mchumba wa mdogo wako ameposwa kwingine," akasema. "Wakwe wamechoka kusubiri."

Wiki ileile nilimuuzia nyumba mfanyabiashara mmoja wa dagaa, kwa bei aliyoitaja yeye. Sikubishana. Baada ya kulipa mafundi na duka la vifaa, pesa iliyobaki ilitosha ng'ombe wanne. Nikawanunua, nikakodi lori la fuso, nikawapeleka kijijini mwenyewe.

Mdogo wangu aliwashusha mmoja mmoja. Hakuuliza wale wawili wako wapi. Nilitaka anitukane, na nilikuwa nimejiandaa njia nzima.

"Umekula?" akaniuliza.

Akawaswaga ng'ombe kwenda kunywa maji lamboni, nami nikabaki pale uani, mama akiniita ndani.