Uzi Kwenye Kopo la Manjano

Katika kila kazi ya rangi mbili, fundi yule mzee wa kupaka rangi alifunga uzi kwenye mshikio wa kopo moja, na hakuna aliyemuuliza sababu. Kwa Mama Banza alipaka ukutani manjano mbili zinazokaribiana, akasubiri zikauke, uso wake ukielekea dirishani, upande wa ziwa. “Mama, unapenda ipi?” Mama akachagua iliyopoa, ya kopo lenye uzi, kwa kuwa chumba kilikuwa cha marehemu mume wake na hakutaka kiwake kwa rangi kali. Fundi akapapasa mishikio yote miwili. Uzi ulikuwa umedondoka. Mkono ukasita, kisha ukachovya burashi katika ile kali. “Njo hii, Mama?” akauliza kama ndiyo hiyo. Mama Banza aliuona uzi sakafuni, akaelewa kwamba ndio uliokuwa macho ya fundi, akavitazama vile vidole vilivyofuta Congo na kuandika Zaïre kwenye mabehewa ya reli, zamani nchi ilipobadilishwa jina. “Njo hii, Papa,” akasema, na chumba kikaanza kuwaka.