Nilimficha Rafiki Yangu Maneno ya Jirani

Msinihurumie. Baba mmoja Mfaransa amekatwa mguu, na kosa ni langu. Si la kiboko wala si la ziwa. Ni langu mimi, mtu mzima na akili zangu! Jina langu naficha na ya wengine nimeyabadilisha, maana Bujumbura ni ndogo na huku kwetu Musaga watu wana midomo.

Mimi ni mwalimu. Hélène alitoka Ufaransa kuja kufundisha shuleni kwetu, na tulipatana tangu siku ya kwanza. Mumewe anaitwa Bruno, mtoto wao Chloé. Binti yangu Divine na huyo Chloé wakawa chanda na pete. Nami nikajiona nimefika! Nikitembea na Hélène mjini, mabega yalikuwa yanapanda yenyewe.

Wikendi ya Pasaka walipanga nyumba kando ya ziwa, upande wa Kibenga, wakatualika mimi na Divine. Nilitangaza mtaa mzima. Hata jirani niliyenuniana naye nilimfuata kumsimulia.

Nyumba ilikuwa nzuri, lakini nilipofika tu moyo ulikataa. Katikati ya nyasi ndefu palikuwa na uwazi mpana, unaotoka majini na kupita kando ya baraza hadi kwenye mboga nyuma ya nyumba. Nyasi zimelala, udongo umekanyagwa ukakanyagika. Bruno alifurahi kuona mahali peupe, akaweka meza na viti palepale ili tule tukiangalia maji. Mimi nilikulia Rumonge, karibu na ziwa hilihili. Nilijua kabisa kwamba ile haikuwa njia ya watu. Nikajidanganya kwamba labda ni ya zamani.

Tukiwa mezani Hélène akanishika mkono, akaniambia kwa Kifaransa chake, "Unajua kwa nini nakupenda? Kila mtu hapa ananitisha. Usitoke, usiogelee, usile hiki. Wewe peke yako hunitishi."

Nikacheka. Kumbe pale pale nilikuwa nimeshonwa mdomo!

Kesho yake, Jumamosi, mama wa nyumba ya jirani alikuja hadi kwenye ua. Ni Mkongomani wa Uvira, hajui Kifaransa, na Hélène kwa Kiswahili anajua "jambo" na "aksante" basi. Yule mama akanikazia macho.

"We mama, unasikia Swahili? Ambia hawa wazungu wako watoe iyo meza. Iyo ni njia ya kiboko! Iko na mutoto sasa, na jioni anapitaka hapo hapo. Akikuta wamefunga njia, ataua mutu. Batoto wasicheze hapo, umesikia?"

"Nimesikia, mama. Aksanti."

Hélène akanigeukia. "Anasemaje?"

Jamani! Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nikamwona alivyo na furaha, nikajua nikisema hivyo atafunga mizigo, na mimi nitakuwa mmoja wa wale wanaomtisha. Tena kwetu mgeni aliyekula na kunywa hamwagi maneno mabaya mbele ya mwenyeji. Ndivyo nilivyolelewa, nami nikajificha humo.

"Anasema karibuni sana," nikamjibu. "Anasema mmepata mahali pazuri."

Hélène akampungia mkono kwa tabasamu. Yule mama naye akapunga, akarudi kwake akijua ujumbe umefika.

Jioni ile nilikaa macho juu ya watoto, nikiwaita ndani kila mara. Kila nyasi zikitikisika, nasimama kuchungulia. Hakikuja kitu. Asubuhi tukaenda misa ya Pasaka, nikamshukuru Mungu, nikajiona mjanja.

Jumapili jua likizama, Bruno alikuwa anageuza mikeke, samaki wa ziwani, juu ya makaa. Watoto walikuwa chini ya meza, wametandika kitambaa, wanacheza mama na baba. Nikaingia jikoni kuchukua pilipili.

Nikasikia pumzi. Pumzi nzito, yenye majimaji, na si ya mtu. Nikachungulia dirishani.

Kiboko alikuwa amesimama mbele ya meza, maji yanamtiririka, na mtoto wake nyuma. Chloé alichomoka akamkimbilia mama yake barazani. Divine wangu alibaki chini ya meza! Mimi niliyejua yote nilisimama jikoni na chupa ya pilipili mkononi. Bruno, ambaye hakujua lolote, ndiye aliyekimbia. Akamvuta Divine kwa mkono, akamrusha barazani. Kisha nikasikia meza inavunjika, na Bruno akalia.

Yule mama wa Uvira ndiye aliyefika wa kwanza. Alipiga kelele na kugonga sufuria hadi kiboko akaondoka, akafunga paja la Bruno kwa kitenge chake. Hospitalini wakakata mguu juu ya goti. Divine alichubuka kiwiko tu.

Hélène alinililia begani, akisema, "Hakuna aliyejua." Nami nikampigapiga mgongoni. Ee Mungu, nilimpigapiga mgongoni!

Kabla hawajarudi kwao, aliniomba twende kumshukuru yule mama, nitafsiri. Tukakaa sebuleni kwake. Yule mama alilia, kisha akafuta macho.

"Muulize, mama. Mi niliwaambia. Sababu ya nini hawakusikia?"

Hélène aliniangalia, akisubiri. Ulimi ulianza kutafuta maneno matamu tena, naapa. Nikamkumbuka Divine nyumbani, mzima, na miguu yake miwili. Nikatafsiri neno kwa neno.

"Alituambia lini?"

"Jumamosi. Mimi ndiye sikukuambia."

Hakufoka. Afadhali angenizaba kofi. Alishika mikono ya yule mama, akasema aksante, aksante, akaingia kwenye gari lake na kuondoka. Nilirudi Musaga peke yangu. Walisafiri bila kuniaga, na simu zangu hazipokelewi. Divine ananiuliza amemkosea nini Chloé.

Wenzangu, ukiwekwa katikati ya watu wasiosikilizana lugha, neno chungu lifikishe na uchungu wake. Akinuna, anune. Akifunga mizigo, msaidie kuifunga! Hélène angeninunia siku mbili tatu, kisha angepoa. Mguu wa mume wake hauoti tena.