Chai Juu ya Ubao wa Dirisha

Habari zilizonifikia kutoka Kahama ni kwamba yule mzee aliyekuwa karani wa mgodi mmoja upande wa Geita amefariki dunia, na kwamba amezikwa kwa heshima kubwa. Nilikwenda matangani. Nilikuta watu wamejaa uani, na kila aliyesimama kusema alimsifu marehemu kuwa alikuwa mstaarabu, mtu wa maendeleo, mtu aliyewaonyesha wenziwe namna nyumba ya Mwafrika inavyopaswa kuwa. Msemaji mmoja alinyoosha kidole kuelekea madirisha na kusema kwamba, hata kama marehemu hakuacha kitu kingine, mbao zile zingetosha kuwa ukumbusho wake. Watu waliitikia. Mimi sikuitikia, na leo nawaeleza wasomaji wangu sababu, ingawa najua wapo watakaoniambia kwamba maiti hasemwi. Maiti hasemwi, lakini mfano wake unafuatwa, na mfano ule ni mbaya.

Mbao zenyewe nazifahamu, maana nilikuwapo zilipochaguliwa. Nilikuwa nimetoka chuoni punde, nimepangiwa shule isiyo mbali na kiwanja chake, naye alipenda kuongozana na mtu aliyesoma. Tulikwenda pamoja kwa fundi seremala. Nakiri kwamba alijua kuchagua. Alikataa mbao laini bila hata kuzigusa. Alikataa zilizounganishwa kwa gundi, akisema ubao wa dirisha unaolala chini ya fremu hupigwa na jua asubuhi na mvua jioni, na kiungo ndicho kitakachofumuka kwanza. Alitaka mninga mtupu, kipande kimoja kizima, uliokauka kivulini, na kila penye ile sehemu nyeupe iliyo karibu na gome alitaka ikatwe yote, kwa kuwa hapo ndipo wadudu huanzia. Fundi alimridhia katika yote hayo, mpaka alipotajiwa upana.

“Kutoka kiwikoni mpaka ncha ya vidole?” fundi aliuliza. “Bwana Karani, hili ni dirisha au ni kitanda cha mgeni?”

“Wewe chonga,” akamjibu. “Mgeni hatalala hapo, lakini atakula hapo.”

Fundi alicheka, akidhani ametaniwa. Mimi nami nilicheka. Nyumba ilipokwisha tukaona kwamba hakuwa akitania. Mtu wa kwetu, awe Msukuma au Msumbwa, hata akiwa na kibanda cha nyasi chenye mlango wa kuinamia, mgeni humwingiza ndani, akamketisha, ndipo akamuuliza habari. Bwana huyu alikuwa na sakafu ya saruji iliyopakwa nta, na hakuna mguu wenye vumbi ulioikanyaga. Aliyebisha hodi alizungushwa mpaka dirishani. Huko aliwekewa kikombe juu ya ubao, akanywa amesimama juani, akaeleza haja yake, akajibiwa na sauti iliyokaa kwenye kiti cha mto. Jirani, jamaa, mgonjwa, wote walikuwa sawa. Na watu, badala ya kukasirika, walisifu mninga!

Sasa nieleze siku iliyonifanya niache kumwamkia. Mwalimu mwenzangu alitaka kumwoa mpwa wa karani huyu, binti wa dada yake mkubwa anayekaa Ushirombo. Dada huyo ni mjane, na mumewe hakuacha ndugu. Kwa hiyo nyumba pekee iliyofaa kuwapokea washenga ilikuwa ya kaka wa mama. Binti na mwalimu walikwisha kupendana, wazee wa mume walikwisha kuridhia, lililobaki lilikuwa kupokewa tu. Nilikwenda pamoja na baba mkubwa wa mwenzangu, mzee mfugaji ambaye alikuwa amevaa kanzu yake safi kwa ajili ya siku hiyo. Yule dada alikuwa amekwisha kufika, ameketi uani juu ya kinu kilicholazwa, na bintiye nyuma yake amefunika kichwa kwa khanga.

“Mwangaluka,” mzee alisalimu mlangoni.

Mlango haukufunguka. Dirisha ndilo lililofunguka. “Karibuni, karibuni sana! Njoni huku. Chai hii hapa, mkate huu hapa. Semeni tu, nawasikia vizuri.”

Mzee alitazama vikombe, akanitazama mimi, kisha akasema kwa upole, “Bwana Karani, tumekuja kuomba mke. Jambo hili husemwa watu wakiwa wamekaa.”

“Mzee wangu, hayo ni ya zamani. Pale mgodini bwana mkubwa alisikiliza mashauri ya watu wote dirishani, na kazi ilikwenda.”

Hapo dada yake aliinuka. “Mdogo wangu, fungua mlango. Ni mwanangu huyu.”

“Dada, usinipigie kelele mbele ya wageni.”

“Wageni wako wapi? Mgeni ni aliye ndani! Wewe si ndiye uliyekuwa ukirudi likizo huli, hulali, ukituambia Wazungu wanakujibu kwa kitundu kama kuku? Mama alikulilia. Leo umechonga kitundu chako mwenyewe, tena cha mninga!”

Nilidhani karani ataona haya. Akasogeza sahani ya mkate kidogo nje, akasema, “Chai inapoa.”

Mzee aliokota fimbo yake. “Mimi huongea na ng’ombe wangu nikiwa nje ya zizi,” akasema. “Leo nimeongea na mtu, na sijui ni nani kati yetu aliye zizini. Mwalimu, twende.” Hakugusa kikombe. Kwetu kuacha chakula cha posa ni kuacha posa yenyewe. Ukoo ukakata shauri kwamba nyumba isiyowafungulia wakwe mlango haitoi mke, na mwenzangu akaozwa kwingine kabla ya mavuno.

Nimewasikia vijana wenzangu waliosoma wakilalamika, nao wana haki, juu ya maduka na ofisi ambamo Mwafrika huhudumiwa kwa nje. Lakini nawaona pia wakijenga. Wanauliza habari za fundi, za mninga, za upana. Hawaulizi aliyesimamishwa kwenye kitundu kwa miaka mingi alijifunza nini pale. Karani wetu alijifunza jambo moja tu: kwamba ubaya wa dirisha ni kuwa upande wa nje. Akafanya bidii ya maisha mazima ili awe upande wa ndani, akafaulu, na tukamwita mstaarabu.

Siku ile ya matanga milango ilikuwa wazi yote. Kijana mmoja, karani mgeni aliyevaa tai, alikuwa akipapasa ubao kwa kiganja na kuupima kwa shibiri. Binti yule, ambaye hajaolewa hata sasa, alipita akiwagawia watu maji.

“Dada,” kijana akamwuliza, “mbao hizi alizichonga fundi gani?”

“Sijui, kaka,” alijibu. “Mimi nilikuwa upande wa nje.”

Kijana alicheka na kuendelea kupima. Nami nawaambia ninyi mnaosoma safu hii: chagueni mti mgumu, ukausheni vema, msiruhusu wadudu. Lakini siku zinakuja ambazo ofisi zile zitakuwa mikononi mwetu, na watu watakuja kwa miguu kutoka Bukombe na Ushirombo kubisha hodi. Asiyeweza leo kumfungulia dada yake mlango hatawafungulia watu hao. Atawanunulia ubao mzuri zaidi.