Nakaa Bure

Miezi mitano baada ya ghala alilofanyia kazi kufungwa, Mugisho Zihindula alikuwa bado anaamka saa kumi na moja kasorobo. Alivaa buti zake zenye chuma vidoleni, akachemsha chai, akaketi dirishani mwa nyumba yao ya kupanga mtaani Iroquois, kusini mwa Louisville, akisubiri kupambazuke ndipo atoke kutafuta kazi. Mkewe, Emérence, alipomuuliza buti ni za nini, alimjibu, "Siku wataniita, nisianze kutafuta viatu."

Nayajua haya kwa sababu nilimtazama kwenye picha za video kwa siku nyingi kabla hatujaonana. Kituo kimoja cha televisheni kilikuwa kikitengeneza filamu kuhusu watu wasio na kazi wanaoishi kwa msaada wa serikali. Mimi, Mutua, Mkenya wa Westerville niliyekuja kusoma nikabaki, nililetewa picha zote nitafsiri maneno ya Kiswahili chao, kilichochanganyika na Kifaransa, ili yaandikwe kwa Kiingereza chini yake.

Kuhusu msaada nilikuwa na msimamo, na nilikuwa nimeufundisha kanisani kwetu mara nyingi: anayekula bila kufanya kazi anamwibia jirani yake. Sikatai kwamba wapo watu wa namna hiyo. Kosa langu ni kwamba nilimweka Mugisho miongoni mwao kabla hajafungua mdomo.

Picha zilimwonyesha akijaza fomu kwenye maghala matatu na kurudi kwa miguu kwenye theluji. Zilimwonyesha pia mwongozaji wa filamu akimwelekeza kwa mikono aketi kwenye kochi na kuwasha televisheni.

"Muchana miye siangaliake televisheni," Mugisho alimwambia mkewe.

"Ukae tu, Papa Gentille. Banasema ni juu ya mwangaza."

Akaketi. Swali lililofuata lilikuwa anaishije siku hizi. Aliangalia buti zake, akasema polepole, "Niko nakaa bure tu. Tangu bafunge, donc, niko nakaa bure."

Hata kwetu Machakos, mtu akisema anakaa bure, huenda anakwambia kwamba hana la kufanya na siku zinampita. Nililijua hilo. Nilisimamisha picha, nikaona alivyoinamisha kichwa, nikasita. Kisha nikaandika kwamba anaishi hapa bila kulipia chochote. Ndilo jibu nililokuwa nikilingoja kutoka kwake.

Filamu ilipotoka, fomu na maghala havikuwemo. Kochi lilikuwemo. Sauti ya Mugisho ilifunikwa na muziki, na sentensi yangu ikawekwa kwenye tangazo la filamu. Filamu yenyewe ilikuja kurekebishwa baadaye. Tangazo lingali linazunguka kwenye simu za watu.

Mugisho ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kanisa lao, akifungua mlango na kupanga viti kila Jumapili. Jumapili iliyofuata, kama nilivyokuja kusimuliwa, alipokelewa na mwimbaji wa kwaya aitwaye Précieux.

"Papa Bure! Leo sadaka utatoa weye, ao serikali itakutolea?"

Watu wakacheka.

"Sikusema vile, Précieux."

"Papa, tulijisomea. Iko imeandikwa!"

"Ulisikia kinywa yangu?"

"Bon, pahali ya kinywa tulisikia muziki," Précieux alisema, na waliokuwa mlangoni wakacheka tena.

Hayo aliyavumilia. Kilichomshinda ni binti yake Gentille, wa miaka kumi na sita, ambaye wenzake shuleni walimwonyesha tangazo lile. Mugisho alimweleza kwa Kiswahili alichosema. Gentille alimjibu kwa Kiingereza kwamba imeandikwa, dunia nzima imesoma. Akaacha kuongozana naye barabarani, kisha akaacha kumsemesha. Mugisho alirudisha ufunguo wa kanisa. Dada yake Chimène alipompatia kazi ya kukunja mashuka ya hospitali huko Buffalo, aliondoka peke yake.

Majira ya kuchipua, filamu ilionyeshwa katika ukumbi mmoja wa Lower West Side, Buffalo, nami nikaitwa kutafsiri maswali jukwaani. Mwanamume mwenye buti akaja mbele, nikamtambua mara moja. Yeye hakunijua. Alichukua kipaza sauti.

"Namutafuta mwenye aliandika maneno ya chini. Aniambie, kwabo bure ni nini? Kwetu ni mutu kukosa kazi ya mikono yake. Mutoto wangu alisoma, akaniacha."

Pale jukwaani hakukuwa na mwingine aliyejua Kiswahili. Mwongozaji alikuwa akitabasamu, akisubiri nimpe maneno. Nilifikiri kusema tu kwamba mzee ana swali dogo kuhusu tafsiri. Sentensi hiyo ilikuwa imeshafika ulimini. Nikaimeza, nikatafsiri yote, hata lile la mtoto. Kisha nikasema kwa lugha zote mbili kwamba aliyeandika ni mimi.

"Ulikosea?" Mugisho aliniuliza.

"Hapana, mzee. Nilijua unavyoweza kumaanisha. Nikaandika vile."

"Donc ni weye unalipwa bure!" Chimène alipiga kelele kutoka viti vya nyuma, na ukumbi ukacheka. Mugisho hakucheka. Alitoa simu yake, akapiga, akanipa.

"Weye ya Kingereza. Mwambie mutoto."

Nilimwambia Gentille mimi ni nani na nilifanya nini. Akataka nimtajie maneno ya baba yake jinsi yalivyotoka.

"Niko nakaa bure tu," nikasema.

Akajibu kwa Kiswahili, akijikwaa: "Hiyo alikuwa anasemaka kila asubuhi. Kwa mama. Akivaa buti."

"Ndiyo," nikasema.

"Munipe papa."

Nilimrudishia Mugisho simu. Aligeukia ukutani, mgongo kwetu, akaanza kusema kwa sauti ya chini huku ukumbi mzima ukingoja. Mwongozaji aliniinamia akaniuliza wanaongea nini.

Nilimwambia sitafsiri.